UZI: Kabla hujaamini "utafiti umethibitisha", uliza walilinganishwa na nani

mfamasia_Makupa (mleta uzi)

Asalaam aleykum wanabaraza, na habari za jioni kwa wote.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Mimi niko duka la dawa hapa mjini, na siku hizi mteja haji na cheti cha daktari pekee. Anakuja na simu mkononi, amefungua makala nzima ya utafiti, ina majedwali, ina majina ya maprofesa, kisha anakwambia: "Soma mwenyewe, hii si ya WhatsApp." Na kweli si ya WhatsApp. Imechapishwa kwenye jarida. Tabu ni kwamba yeye amesoma mistari miwili ya mwisho ya muhtasari, basi.

Nianze na ile inayozunguka sana huku kwetu, ya habbasoda na sukari. Kuna utafiti wa Saudi Arabia uliochapishwa 2010. Wagonjwa 94 wa kisukari cha aina ya pili waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilimeza gramu 1 ya habbasoda kwa siku, la pili gramu 2, la tatu gramu 3, kwa miezi mitatu. Waliomeza gramu 2 sukari yao ilishuka, na kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kilipungua kwa 1.52. Hiyo si namba ya kuchezea. Kuna vidonge vya hospitali visivyofika hapo. Ukiishia hapo utatoka mbio Marikiti ukanunue kilo.

Sasa rudi nyuma, kwenye sehemu ya mbinu, ile ambayo watu huiruka kwa sababu inachosha. Wale wagonjwa hawakuacha dawa zao. Habbasoda iliongezwa juu ya vidonge walivyokuwa wakimeza tayari. Limeandikwa wazi, wala halikufichwa. Halafu angalia makundi: yote matatu yalipewa habbasoda. Hapakuwa na kundi lililomeza kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani. Kwa hivyo kila mtu alilinganishwa na hali yake mwenyewe ya mwanzo.

Na mtu akishaandikishwa kwenye utafiti huanza kujichunga. Anapunguza soda na mahamri, anakumbuka dawa kwa wakati, kwa kuwa anajua kuna mtu atampima. Tena wengi huja sukari ikiwa imepanda juu kabisa, na kilichopanda namna hiyo mara nyingi hushuka chenyewe kwenye kipimo kinachofuata. Yote hayo yanaweza kuwa yamo ndani ya ile 1.52, na huna namna ya kuyachambua ukajua habbasoda imefanya kiasi gani.

Sisemi habbasoda haifai. Nasema utafiti ule ulijibu swali dogo: mtu anayeendelea na dawa, ukimwongezea habbasoda, kiasi gani kinaelekea kufaa? Jibu lao likawa gramu 2, na kwamba gramu 3 haikuongeza faida. Mteja wangu alikuwa na swali lake jingine kabisa: naweza kuacha metfomini, kile kidonge changu cha sukari? Hilo hakuna aliyeliuliza kwenye makala ile, wala hakuna aliyelijibu.

Basi ndiyo hoja ninayoileta. Kabla ya hitimisho, kabla ya jina la jarida, kabla ya vyeo vya waandishi, tafuta nani amelinganishwa na nani. Usipompata, makala hiyo haijakwambia kitu kuhusu dawa inafanya kazi au haifanyi. Karibuni tupingane.

mwana_wa_Bamburi

Naweka kiti hapa. Kahawa tungu ipite.

Jiwe_la_Likoni

Umeandika vizuri yakhe, lakini unazunguka mbuyu. Mtu akinywa kitu akapona, amepona. Nyanya yangu hakuwa na kundi la kulinganisha na alitibu mtaa mzima.

mfamasia_Makupa

Waliopona walirudi kumshukuru nyanya. Wale ambao hawakupona ulikutana nao wapi?

wodi_ya_watoto

Naomba nimjibu Jiwe mimi, maana neno lake si la kipuuzi. Hata hospitalini liliaminiwa miaka na miaka.

Mtoto analetwa ana homa kali, mikono na miguu baridi, moyo unaenda mbio, ukimbonyeza kucha damu inachelewa kurudi. Hiyo ni dalili kwamba damu haizunguki inavyotakiwa. Mafunzo yalisema mpe maji ya mshipa, mengi, kwa haraka. Na ukimpa unaona kwa macho yako: mikono inapata joto, mapigo yanatulia, mama anaanza kupumua. Nani atakwambia hapo ulinganishe?

Wakaja watafiti, wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa hapa Kilifi, wakishirikiana na hospitali za Uganda na ile ya Muheza kule Tanga. Wakaandikisha watoto 3,141 wenye maambukizi makali na dalili hizo. Kwa kura, si kwa kuchagua, wengine walipewa maji ya haraka ya chumvi, wengine maji ya haraka yenye albumini (protini ya damu), na wengine hawakupewa maji ya haraka kabisa, wakapata yale ya kiasi tu ya kukidhi mahitaji ya mwili. Matibabu mengine yakawa sawa kwa wote.

Matokeo yalichapishwa 2011 kwenye New England Journal of Medicine. Ndani ya saa 48, waliopewa albumini walikufa asilimia 10.6. Waliopewa maji ya chumvi, asilimia 10.5. Wasiopewa maji ya haraka, asilimia 7.3. Utafiti ukasimamishwa kabla ya kufika idadi iliyopangwa, kwa sababu tiba iliyotegemewa kuokoa ilikuwa inaongeza vifo.

Someni vizuri hapa, maana ndipo pananipa kigugumizi kila nikipafundisha. Katika ile saa ya kwanza, watoto waliopewa maji ndio waliopata nafuu zaidi ya mzunguko wa damu. Kwa hiyo daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona mafanikio, na hakuwa anajidanganya. Aliona kweli. Lakini alichoona ni mikono kupata joto, na alichotaka ni mtoto arudi nyumbani. Hivyo ni vitu viwili. Makala nyingi hupima cha kwanza kisha zikaandika hitimisho kana kwamba zimepima cha pili. Na tofauti ya watoto saba na watoto kumi katika mia, hakuna daktari wala nyanya anayeweza kuihisi kwa uzoefu wa wodi moja. Ni vifo vitatu katika mia, vimetawanyika katika miezi, katikati ya vifo vingine.

Jambo jingine: angalia nani hakuingizwa. Watoto waliopungukiwa maji kwa kuharisha hawakuwemo. Wenye utapiamlo mkali hawakuwemo. Akija mtu na makala hii akakwambia mtoto wa kipindupindu asipewe maji, huyo hakusoma, amechungulia.

Jiwe_la_Likoni

Hii nimeielewa, na imenichoma kidogo. Lakini bado. Tafiti zinalipwa na makampuni ya dawa. Leo lile jarida la Lancet linasema hivi, kesho linafuta. Sisi tukae tukiamini nini?

Mzee_wa_Kuze

Jiwe, mwanangu, ngoja nikupe ya kwetu, isiyo na kampuni ya Ulaya.

Mwaka 1990 nilikuwa kijana. Rais Moi mwenyewe alitangaza kwamba watafiti wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, wamepata dawa ya UKIMWI, inaitwa Kemron. Ilikuwa interferoni, protini ya kinga ya mwili, kidogo sana, ya kumumunya mdomoni. Nchi nzima ilishangilia. Wamarekani weusi walikuwa wakiifuatilia, watu wenye pesa wakipanda ndege kuja Nairobi. Kila aliyetia shaka aliambiwa anaona wivu Mwafrika kugundua kitu, na mimi nilikuwa katika hao waliokuwa wakipiga kelele hizo barazani. Zamani zile ugonjwa wenyewe tulikuwa hata kuutaja hatuutaji, tukisema tu fulani anaumwa.

Tatizo lake ni hilo hilo la mleta uzi. Wagonjwa waliotajwa kupata nafuu hawakuwekwa kando ya wengine waliopewa kidonge kitupu. Baadaye Uganda ulifanywa utafiti wa kulinganisha na kidonge kitupu, faida haikuonekana. Marekani nao wakajaribu, haikuonekana. Kemron ikafa kimya kimya.

Hakuna aliyehongwa hapo ili nchi ifurahi. Tulitaka sana iwe kweli, na hilo lilitosha.

wodi_ya_watoto

Swadakta Mzee.

mfamasia_Makupa

Shukrani Mzee. Nami nimjibu Jiwe kuhusu Lancet, kwa sababu hiyo aliyoitaja ndiyo inayonipa imani, wala hainiondolei.

Tarehe 22 Mei 2020, katikati ya korona, Lancet walichapisha makala iliyodai imekusanya rekodi za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita. Hitimisho: haidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa korona, inaongeza vifo. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake yenye dawa hiyo. Data zote zilitoka kampuni moja ya Marekani iitwayo Surgisphere.

Wasomaji wakaanza kuuliza maswali ambayo hata mtoto wa darasa la nane angeuliza. Makala ilionyesha vifo 73 Australia kufikia tarehe 21 Aprili, na hesabu rasmi ya nchi nzima siku hiyo ilikuwa 67. Vipi hospitali chache zina vifo vingi kuliko nchi? Kisha Afrika. Kwa hesabu za makala ile, karibu robo ya wagonjwa wote wa korona wa bara hili, na vifo kama asilimia 40, vilikuwa katika hospitali zilizounganishwa na kampuni hiyo, zenye mitambo ya kisasa ya kurekodi kila mgonjwa. Sisi tunaojua faili za karatasi zinavyofungwa kwa kamba tulijua hapo pana jambo. Kampuni ikaombwa data zenyewe, ikashindwa kuzitoa. Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa. Hazikufika wiki mbili.

Walioikamata hawakuwa na siri yoyote. Walichukua namba ya kwenye jedwali wakailinganisha na namba nyingine inayojulikana. Hicho ndicho ninachotaka mtu wa Mombasa ajizoeze.

Na kuhusu makampuni, Jiwe, swali lako ni halali, usiliache. Ila lisiwe swali la kufungia mlango. Mwezi huo huo wa Juni Waingereza walitangaza matokeo ya utafiti wao mkubwa, wa kura, ulioitwa RECOVERY. Deksamethasoni, kidonge cha bei ya pipi ambacho hakuna kampuni ya kutajirika nacho, kilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni hakikuleta faida yoyote. Unajua wiki ile dukani kwangu walikuja nani kukitaka? Wasiohitaji oksijeni. Wamesoma "inapunguza vifo kwa theluthi", hawakusoma vifo vya nani.

mama_Kisauni

Mimi nasoma kimya tangu asubuhi lakini hapo kwenye metfomini umenigusa. Babangu ana sukari, ameacha vidonge tangu Ramadhani, ameshika habbasoda na makala hiyo hiyo amechapisha, ameweka kwenye faili. Ni mwalimu mstaafu, ukimwambia "daktari amesema" ndiyo umemkoroga kabisa. Nimwambie nini?

mfamasia_Makupa

Dada, usipigane na habbasoda, utashindwa. Mpelekee makala yake mwenyewe, fungua sehemu ya mbinu, kisha muulize kwa adabu: "Baba, hawa watu walikuwa wanameza nini kingine?" Nyamaza hapo. Mwalimu akisoma mwenyewe ni tofauti na kusomewa.

Lakini sukari yake ipimwe kesho, mjadala usingojewe. Na vidonge arudishiwe na daktari anayemjua, asijirudishie mwenyewe kwa kiasi cha zamani baada ya kukaa muda wote huo bila.

Tudor_mwaka_wa_tatu

Mimi ni mwanafunzi, niko kwenye pendekezo la utafiti. Msimamizi ananiambia nisome makala thelathini, hajaniambia nijueje nzuri na mbovu. Mwenzangu anasema ikiwa iko Google Scholar basi imepita mikononi mwa wataalamu. Ni kweli? Halafu hizi barua pepe zinazokuja, "Mheshimiwa Daktari, tuchapishie makala yako kwa siku tatu", wakati mimi hata digrii ya kwanza sijamaliza 😂

mfamasia_Makupa

Hongera Daktari 😂

Google Scholar ni chombo cha kutafutia, inakusanya kila kinachofanana na makala ya kitaalamu. Haikagui. Kuhusu hao wa siku tatu: mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, akaitia makosa ambayo mtaalamu yeyote angeyaona, akaituma kwa majarida 304 ya aina ya kulipia ndipo uchapishwe. 157 yaliikubali. Kwa hiyo muhuri wa "imehakikiwa" unategemea nani anashika muhuri.

Na usije ukageuza hilo ukasema jarida dogo ni bovu na kubwa ni zuri. Hiyo ya Surgisphere ilikuwa Lancet. Jarida ni dokezo tu. Makala yenyewe ndiyo utakayoisoma.

Tudor_mwaka_wa_tatu

Na p, ile namba inayowekwa kando ya matokeo? Tumefundishwa ikiwa chini ya 0.05 matokeo ni ya kweli.

wodi_ya_watoto

Hapo mmefundishwa nusu. Chini ya 0.05 maana yake ni kwamba kama dawa haina kazi yoyote, matokeo ya namna hii au makubwa zaidi yangejitokeza kwa bahati chini ya mara tano katika mia. Sasa ukipima kitu kimoja, sawa. Ukipima vitu 18 visivyohusiana?

Huyo huyo Bohannon na wenzake, 2015, waliwapa watu wachache chokoleti, kama watu kumi na tano hivi, wakapima mambo 18: uzito, kolesteroli, usingizi, na kadhalika. Piga hesabu: uwezekano wa angalau kimoja kutoka chini ya 0.05 kwa bahati tupu ni kama asilimia 60. Kikatoka cha uzito. Wakaandika chokoleti inasaidia kupunguza unene, magazeti ya nchi kadhaa yakachapisha. Ilikuwa ni mtego wao wa makusudi.

Kwa hiyo ukiona makala, tafuta: walisema tangu mwanzo watapima nini kama jambo kuu? Majaribio ya tiba huandikishwa kwenye daftari la wazi kabla ya kuanza. Afrika tuna letu, PACTR, liko Afrika Kusini, mtu yeyote anafungua bure. Linganisha kilichoahidiwa na kilichoandikwa. Ukikuta waliahidi kupima vifo na makala inajisifu kwa hamu ya kula, ushajua.

Nahodha_Mkomani

Nyinyi wa dawa mmeuteka uzi. Acheni na sisi wa bahari tuseme.

Huku kwetu huwezi kupigia kura bahari, ati nusu ya mwamba ipewe kidonge. Kwa hiyo tunalinganisha sehemu na sehemu, au kabla na baada, na hapo ndipo watu hupotea. Chukua mfano: kijiji kimefunga sehemu ya mwamba pweza wapate kukua. Mtafiti amepima mavuno Julai kabla ya kufunga, akapima tena Januari baada ya kufungua. Mavuno yameongezeka, anaandika kufunga kumefaulu. Lakini Julai ni kusi! Bahari imechafuka, ngalawa hazitoki, wapiga mbizi hawaoni mbele. Januari ni kaskazi, maji safi, kila mtu yuko baharini. Hata usingefunga chochote mavuno yangepanda. Swali la mleta uzi linafaa hapa hapa: Julai ilinganishwe na Julai, na mwamba uliofungwa uwekwe kando ya mwamba wa jirani ambao haukufungwa.

Lingine, uliza samaki wamehesabiwa wapi. Ukihesabu kwenye banda la samaki asubuhi, umehesabu waliofika bandani. Waliouzwa pale pale majini kwa tajiri mwenye boti la barafu, na kitoweo kilichoenda nyumbani, hukukiona. Mwaka huu mnunuzi mpya akifika, takwimu zako zitasema samaki wamepungua, kumbe wamebadilisha njia.

Kulinganisha kuzuri bila kura kupo. Wale wa Owino Uhuru pale Jomvu, kwenye sumu ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Watafiti hawakupima damu ya watoto wa Owino Uhuru peke yao. Walipima na watoto wa kitongoji cha Bangladesh, jirani, maisha yale yale, umaskini ule ule, ila mbali na ukuta wa kiwanda. Angekuja mtu kusema "risasi iko kila mahali mjini, ni rangi za nyumba na mabomba", jirani yuko pale wa kumjibu.

mfamasia_Makupa

Nahodha, hiyo ya kusi na kaskazi naiiba.

mama_Kisauni

Swali la mtu asiye mtaalamu. Ikiandikwa "inapunguza hatari kwa asilimia 50", hiyo ni nyingi au ni kidogo?

wodi_ya_watoto

Ni swali la mtaalamu hilo. Jibu: asilimia 50 ya ngapi?

Utafiti wa tohara na VVU wa Kisumu, uliochapishwa 2007, wanaume 2,784. Baada ya miaka miwili waliotahiriwa waliambukizwa asilimia 2.1, wasiotahiriwa asilimia 4.2. Waweza kuandika "imepunguza kwa nusu", ni kweli. Waweza kuandika "imeokoa watu wawili katika kila mia kwa miaka miwili", ni kweli vile vile. Kwa mahali ambapo maambukizi ni mengi, wawili katika mia ni jambo kubwa sana la kitaifa. Kwa ugonjwa unaompata mmoja katika laki, nusu ya hapo haitoshi kukubadilishia hata kifungua kinywa. Makala nzuri hukupa namba zote mbili. Ikikupa nusu tupu bila kukwambia nusu ya nini, itafute kwenye jedwali. Tangazo la dawa halitakwambia kamwe.

mwana_wa_Bamburi

Sisi wa Pwani tushatahiriwa tangu utotoni, huo utafiti hautuhusu 😂

wodi_ya_watoto

Unacheka lakini umesema la maana. Waliopimwa ni vijana wa miaka 18 hadi 24 ambao hawakuwa wametahiriwa. Unawahusu watu wa namna hiyo kwanza. Kila makala uiulize: hawa waliopimwa wanafanana na mimi kwa kiasi gani?

Tudor_mwaka_wa_tatu

Sasa mtu anajifunzaje? Nikisoma makala yote naona sawa. Kila mwandishi anaonekana ana haki mpaka mtu mwingine anionyeshe kosa.

mfamasia_Makupa

Hiyo ni kawaida, kwa sababu makala huandikwa na mtu anayejua anakoelekea, nawe unamfuata nyuma kwa upole. Dawa yake ni kumkatalia kukuongoza.

Sisi kuna kikundi kidogo tunakutana Makadara baada ya alasiri, wauguzi wawili watatu, mwalimu wa sayansi, mimi. Mmoja huleta makala akiwa ameondoa muhtasari, matokeo na hitimisho. Tunapewa swali na mbinu tu. Kila mtu anaandika kwenye karatasi: matokeo gani yangenishawishi, na ni kitu gani kingine, kisichokuwa dawa, kingeweza kuleta matokeo hayo hayo? Baada ya hapo ndipo tunafunguliwa matokeo. Utashangaa. Mtu aliyeandika sharti lake mapema ni vigumu kulilegeza baadaye kwa sababu tu matokeo yamempendeza. Na kuna mmoja wetu kila mara hupewa kazi ya kuitetea makala, hata kama haipendi, kwa sababu kukosoa tu nako ni uvivu. Hakuna makala isiyo na dosari. Swali ni kama dosari hiyo inaweza kugeuza jibu. Watu 94 ni wachache, sawa, lakini hata wangekuwa 9,400, kama hakuna kundi la kidonge kitupu tatizo liko pale pale.

Wewe kwa makala zako thelathini: chukua tano kwanza. Kila moja iandikie sentensi moja tu: nani, alipewa nini, akilinganishwa na nani, kikapimwa nini. Ukishindwa kuijaza sentensi hiyo, rudi kwenye mbinu. Ukishindwa tena, pengine tatizo si lako.

Tudor_mwaka_wa_tatu

Na zile za kulipia dola 40?

Nahodha_Mkomani

Usilipe. Uliza maktaba ya chuo kuhusu Hinari, ni mpango wa kuzipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya afya bure au kwa bei ndogo. Wa kilimo na mazingira nao wana yao. Ikishindikana mwandikie mwandishi, barua pepe yake iko ukurasa wa kwanza. Wengi hutuma siku hiyo hiyo, wanafurahi kwamba kuna mtu anawasoma.

mama_Kisauni

Nimerudi. Sukari tumepima, sitaitaja hapa, lakini jioni ile ile tulikuwa kwa daktari na vidonge ameanzishiwa upya. Habbasoda hakuacha, daktari amemwambia aendelee nayo mradi asiache dawa na awe akipimwa, isije ikashuka kupita kiasi.

Makala nilimfungulia kama ulivyosema. Alisoma mbinu kimya, akavua miwani, akaniuliza kwa ukali kana kwamba mimi ndiye mwandishi: "Na hii yenye kundi la kidonge kitupu iko wapi?" Ipo?

mfamasia_Makupa

Mwambie mwalimu namvulia kofia. Zipo, zilikuja baadaye. Nyingi ni ndogo, baadhi ni za Iran, na nyingine zimetumia mafuta ya habbasoda badala ya punje, kwa hiyo hata zenyewe huwezi kuziunga tu kama mnyororo. Ijumaa baada ya swala nitaweka moja hapa, mbinu pekee. Kila mtu aandike sharti lake kabla sijaweka matokeo. Mwalimu naye akaribie.

Jiwe_la_Likoni

Na mimi nitakuwepo, kutafuta nani amelipa.

mfamasia_Makupa

Anza kutoka mwisho basi. Huandikwa kwa herufi ndogo, kabla tu ya orodha ya marejeo.